Kabla ya Tabora, Kigwa

Msafara haukuingia Tabora na vumbi lake. Ulipofika kambi ya mwisho kabla ya mji, mizigo ilifunguliwa, kanzu zilizotunzwa kwa miezi zikatolewa, vilemba vikafungwa upya, na kirangozi, yule mjuzi wa njia anayewatangulia wapagazi wote, akajipamba kwa manyoya na kitambaa chekundu. Asubuhi yake bendera ilishika mbele, baragumu zikalia, bunduki zikafyatuliwa hewani kwa baruti tupu. Watu waliotoka pwani na frasila mbili kila mmoja, yaani karibu kilo 32 za nguo, shanga na masango, waliingia mjini kama watu wanaokwenda harusini. Ndivyo wasafiri wa Kizungu Richard Burton na John Hanning Speke walivyoingia Kaze, kiini cha mji tunaouita leo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waiache pwani. Ndivyo na Henry Morton Stanley alivyoingia Unyanyembe, utemi ambao mji huo ulikuwa ndani yake, tarehe 23 Juni 1871. Wenyeji nao hawakubaki nyuma. Wafanyabiashara Waarabu walitoka nje ya tembe zao wakiwa wamevaa vizuri, wakashika mikono ya wageni, wakawaongoza hadi barazani, na sinia zikaanza kupita.

Mapokezi yale yalikuwa ya heshima na hayana lawama. Lakini tuyatazame vizuri. Mgeni amejipamba, mwenyeji amejipamba, na kila mmoja anamwonyesha mwenzake kile alichotaka kionekane. Kilichofichwa kimebaki nyuma, kwenye vituo vya njiani: miguu iliyopasuka, deni la posho, mpagazi aliyeachwa porini kwa homa, na kijiji kilichofungua ghala lake ili watu mia wale. Kwa misafara iliyotoka pwani kupitia Ugogo, vituo hivyo vya mwisho vina majina, nayo majina hayo hayajafutika. Baada ya Mgunda Mkali, lile pori kubwa lenye maji haba linalotenga Ugogo na Unyamwezi, walifika Tura. Kutoka Tura wakashika njia ya Rubuga. Kutoka Rubuga wakafika Kigwa. Na kutoka Kigwa ilibaki misitu na mwendo wa siku mbili au tatu kuingia Unyanyembe. Kigwa ipo hadi leo, kata ya wilaya ya Uyui, mashariki mwa Manispaa ya Tabora. Nasema hivi: mgeni anayetaka kuijua Tabora aanzie Kigwa, na mpango wowote wa utalii au wa urithi unaomshusha mgeni moja kwa moja mjini unampa nusu ya mji, tena ile nusu iliyovaa kanzu mpya.

Jambo hili halihusu Tabora peke yake. Ni tabia ya kusafiri kwenda miji mikuu popote duniani, na labda inaonekana wazi zaidi katika miji mikubwa ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambako watalii humiminika kwa mamilioni. Chukua Jakarta. Ndege inamshusha mgeni katika uwanja wa Soekarno-Hatta, ambao kwa kweli hauko Jakarta bali Tangerang, mkoa wa Banten. Kutoka hapo barabara ya kulipia inampitisha juu ya mitaa bila kumgusisha na mtaa hata mmoja, hadi kwenye hoteli ya katikati. Kesho yake anapiga picha chini ya mnara wa Monas, anakwenda mji wa kale ambao Waholanzi waliujenga kuanzia 1619 na kuuita Batavia, anakula, ananunua batiki, anaondoka. Ameiona Jakarta, hilo halina ubishi. Lakini hajafika Muara Baru, pembezoni mwa bahari upande wa kaskazini, ambako ukuta wa zege umeyazuia maji ya Bahari ya Jawa yaliyopanda juu kuliko barabara ya wakazi, na ambako msikiti uliokuwa ukisaliwa umebaki umesimama majini, nje ya ukuta. Jiji linazama kwa sababu kwa miaka mingi majengo yake yamevuta maji kutoka chini ya ardhi, na ardhi ikashuka. Kuna maeneo yaliyoshuka kwa zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka. Ndiyo mojawapo ya sababu zilizomfanya Rais Joko Widodo atangaze mwaka 2019 kwamba makao makuu ya nchi yatahamishiwa Kalimantan, kisiwani Borneo. Mtu aliyelala usiku mmoja katikati ya Jakarta anaweza kusoma habari hiyo gazetini na kuishangaa. Mtu aliyepita kwanza Muara Baru haishangai, kwa kuwa ameona bei ya maji yanayotoka bombani hotelini.

Nimeitaja Jakarta kwa makusudi, kwani wapo Watanzania wanaosafiri huko na Bangkok na Kuala Lumpur, na wanarudi na sifa za barabara na maduka. Sifa hizo ni za haki. Bahari inayotutenganisha nao si ngeni kwetu pia: Mreno Tomé Pires, aliyekaa Malacca mwanzoni mwa karne ya 16, aliwataja watu wa Kilwa, Malindi, Mombasa na Mogadishu miongoni mwa wafanyabiashara waliofika bandari ile. Watu wale hawakushushwa kutoka angani. Walifuata upepo wa msimu bandari kwa bandari, wakifika mji mkuu wa biashara baada ya kuijua pwani yake. Kumfikia mtu kwa kupitia kwa jirani zake ni adabu ya zamani ya bahari na ya bara, na Kigwa ni sehemu ya adabu hiyo kwa upande wa bara.

Sasa tuitazame Kigwa yenyewe, na tuangalie kwa nini Tabora haieleweki bila hiyo. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, aliyewapa Waarabu nafasi ya kukaa, alifariki mwishoni mwa miaka ya 1850. Akamfuata Mnywa Sele. Mtemi huyu mpya aliona jambo ambalo mtawala yeyote makini angeliona: bidhaa zinazopita nchini mwake zinatajirisha wapitaji, na hazina yake haipati kitu. Akataka ushuru. Wafanyabiashara wakakataa, wakachukua silaha, wakamwondoa na kumweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele hakukaa kimya. Aliingia maporini pamoja na watu wake na kupigana kwa miaka, na Speke alipopita tena mwaka 1861 alikutana naye upande wa Mgunda Mkali, mtemi bila ikulu akitafuta mpatanishi. Vita hivyo havikupiganwa hasa katika baraza za Kaze. Vilipiganwa kando ya njia, katika vijiji vilivyompokea mtemi wao au vilivyodhaniwa kumpokea. Rubuga iliponzwa na ukarimu huo, ikalipiziwa kisasi. Kigwa nayo ikapatwa na kisasi hicho hicho.

Ushahidi wa hayo umo katika safari ya Stanley mwaka 1871, tena umo kwa namna ambayo mwandishi mwenyewe hakuisisitiza. Anapita Rubuga, anaona mahame mahali palipokuwa na vijiji na mashamba. Anafika Kigwa, anakuta nchi imepigwa na kuachwa vivyo hivyo. Siku mbili baadaye yuko Unyanyembe, amepewa nyumba Kwihara, jirani na mji, na wafanyabiashara wa Tabora wanamletea wali, kuku wa mchuzi, mikate ya ngano, makomamanga na malimau, kisha mifugo ya kuchinja. Ukurasa wa maangamizi na ukurasa wa karamu zinakaribiana kitabuni kama mambo yenyewe yalivyokaribiana njiani. Msomaji anayeruka moja kwa moja hadi karamuni atafikiri Tabora ilikuwa kisiwa cha neema katikati ya pori. Aliyesoma kwa kufuata njia ataona kwamba mezani palikuwa na amani iliyonunuliwa, na kwamba Kigwa ndiyo iliyolipa. Miezi miwili haikupita kabla deni halijafika mjini kwenyewe: tarehe 22 Agosti 1871 watu wa Mtemi Mirambo wa Urambo waliingia Tabora, wakachoma nyumba, wakamuua Khamis bin Abdullah, mmoja wa Waarabu mashuhuri wa mji. Stanley aliuona moshi kutoka Kwihara. Ugomvi wa Mirambo ulikuwa na asili yake, sitaki kuuchanganya na wa Mnywa Sele. Lakini swali la msingi lilikuwa lile lile, nani atoze nini kwa mali inayopita katika nchi ya nani.

Hapa kuna mtu atasema kwamba Tabora yenyewe imejaa makovu, kwa hiyo haimhitaji jirani wa kuisimulia. Kuna siku hiyo ya Mirambo. Kuna Januari 1893, pale Mtemi Isike alipojilipua na baruti ndani ya ngome yake baada ya Wajerumani kuivunja, akakataa kushikwa akiwa hai. Kuna tarehe 19 Septemba 1916, majeshi ya Kongo chini ya Wabelgiji yalipouteka mji. Ni kweli kabisa. Ila tuone tofauti. Makovu ya mji yana tarehe, yana majina, yana boma la kuyaonyesha, kwa kuwa mji una waandishi na magavana na barua. Kovu la Kigwa lina sentensi moja au mbili katika kitabu cha mpita njia, bila jina la hata mtu mmoja aliyefukuzwa pale. Usawa wa kumbukumbu haupatikani kwa kuongeza kibao kingine mjini.

Lakini nisiifanye Kigwa kuwa mahali pa majonzi tu. Misafara isingefika popote kama vijiji vya njia visingekuwa na chakula cha ziada, na hapa ndipo ukulima wa Wanyamwezi unapostahili kutazamwa kwa karibu kuliko unavyotazamwa. Jina Tabora lenyewe, kwa masimulizi yanayosikika sana katika mkoa huo, linatokana na matobolwa. Msomaji wa pwani huenda hayajui. Kiazi kitamu kinachemshwa kwanza na ganda lake hadi kiive, kinamenywa kingali na uvuguvugu, kinakatwa vipande vya unene wa kidole, halafu kinaanikwa juani siku kadhaa hadi kiwe kigumu, rangi ya asali iliyokolea, na utamu wake umejikusanya ndani. Ukikitafuna kinakushughulisha meno kwa muda mrefu kabla hakijalainika. Kinachokatwa kibichi na kuanikwa ni kitu kingine, kinaitwa michembe, nacho lazima kipikwe tena. Tofauti hiyo ndogo ina maana kubwa kwa mtu wa safari. Michembe inahitaji chungu, kuni na maji. Matobolwa hayahitaji chochote. Yanatiwa katika mfuko na kuliwa ukitembea, hata siku ya kutelekeza, ule mwendo wa kuondoka mchana na kulala mahali pasipo na maji ili kesho asubuhi kisima kifikiwe mapema. Chakula hiki hakikutengenezwa na mji. Kilitengenezwa na wanawake wa vijiji, uani mwao, kwa hesabu ya jua la baada ya mavuno. Kama masimulizi ya jina ni ya kweli, basi mji mkuu wa njia ya kati umebeba jina la posho ya vijiji vyake, na hakuna mahali pazuri pa kulisikia jina hilo kuliko penye ungo ulioanikwa viazi.

Halafu kuna wapagazi. Picha iliyozoeleka ni ya watu waliofungwa minyororo, na nitairudia picha hiyo baadaye, maana ina ukweli wake mchungu. Lakini katika njia ya kati, idadi kubwa ya waliobeba mizigo karne ya 19 walikuwa Wanyamwezi huru waliopatana ujira, wakaondoka baada ya kuvuna na kurudi kulima mvua zikikaribia. Walikuwa makumi ya maelfu kwa mwaka. Walikuwa na desturi zao za kazi, walijua mzigo halali na mzigo wa dhuluma, na waligoma pale posho ilipopunjwa. Kwa kijana wa nchi hizi, kwenda pwani na kurudi ilikuwa alama ya utu uzima. Sasa jiulize: mtu huyo anapotokea Mgunda Mkali na kuona kwa mbali mashamba ya Tura, kisha Rubuga, kisha Kigwa, anaona nini? Burton anaona kituo. Mfanyabiashara anaona mahali pa kununua nafaka. Mpagazi wa Kigwa anaona nyumbani. Vitabu vya wasafiri vimejaa manung'uniko kwamba wapagazi Wanyamwezi walipokaribia makwao walianza kutoroka au kudai malipo mapema, na waandishi waliita tabia hiyo uvivu au usaliti. Mtu akisimama Kigwa na kutazama mashariki anaielewa kwa haraka. Njia ambayo kwa mgeni iliishia Tabora, kwa mwenyeji ilikuwa imeishia hapa. Siku mbili au tatu zilizobaki zilikuwa za tajiri.

Kwa hoja hizi ninaona upungufu katika namna nchi yetu inavyoiwasilisha njia hii kwa dunia. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia kuu ya kati ya utumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Naipongeza kazi hiyo. Kila kituo kati ya hivyo kina haki yake, na Kwihara, pamoja na tembe ambamo Stanley na Livingstone walikaa mwanzoni mwa 1872 na Livingstone akaendelea kukaa hadi Agosti mwaka huo, ni hazina. Lakini tazama ramani: kutoka Kilimatinde unarukia Kwihara. Katikati ya mruko huo ndimo ulimo Mgunda Mkali mzima, ndimo zilimo Tura, Rubuga na Kigwa, sehemu ambayo misafara iliiogopa kuliko nyingine na ambayo ilipovukwa watu walisema sasa tumefika Unyamwezi. Njia imegeuzwa kuwa shanga sita zisizo na uzi.

Wapo watakaojibu kwamba orodha haiwezi kubeba kila kijiji, na kwamba Kigwa hakuna cha kuona. Hakuna tembe la mtu maarufu, hakuna ngome, hakuna mizinga ya Wajerumani. Jibu langu la kwanza ni kwamba kutokuwepo kwa majengo pale ni sehemu ya historia yenyewe. Mahali palipobomolewa kwa vita vya njia hapawezi kudaiwa majengo kama kiingilio cha kukumbukwa. Jibu la pili ni la kawaida zaidi. Kuna nchi yenyewe ya kuona: miombo iliyotundikwa mizinga ya nyuki, mbuga zinazojaa maji masika na kupasuka kiangazi, mashamba ya viazi na karanga na mpunga wa mabondeni. Aliyeiona nchi hiyo anajua kwa nini msafara ulisubiri kiangazi, kwa nini wezi walilipenda pori la Kigwa hata wapagazi wakawa wanalipita wakiwa wamebanana, na kwa nini asali na nta ya eneo hili vimekuwa biashara tangu zamani. Makumbusho ya Kwihara yanaweza kumweleza mgeni kwamba safari ilikuwa ngumu. Hayawezi kumwonyesha ugumu huo ulivyolala juu ya ardhi.

Pingamizi jingine ni zito zaidi, na limenifikirisha. Wanasema: ushahidi wote huu umetoka katika vitabu vya Wazungu, watu waliopita na kutukana, kuanzia Kigwa kwa macho yao ni kurudia safari yao. Sikubali kwamba ni wote. Tuna maandishi ya Kiswahili kuhusu njia hii, na ni aibu kwamba yanasomwa kidogo. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa mkazi mashuhuri wa Tabora na alioa katika nyumba ya Mtemi Fundikira, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, nayo yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Katika mkusanyiko uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901, uitwao Safari za Wasuaheli, Sleman bin Mwenye Chande anaeleza safari yake ya bara kama mfanyabiashara wa pwani, naye Selim bin Abakari anaeleza safari za mbali hadi Urusi na Siberia. Kwa hiyo kabla hatujaanza kuiga makala za wageni kuhusu miji mikuu, tulikuwa na watu waliokuwa wakitembelea miji ya wengine na kuiandika kwa lugha yetu. Ninachokubali katika pingamizi hili ni kwamba hao nao walikuwa wapitaji, wengine wakiwa na watumwa wao. Sauti inayokosekana ni ya mkazi wa kituo. Hiyo haipatikani Berlin wala London. Ipo katika koo, katika majina ya mahali, katika nyimbo za kazi na masimulizi ya watemi, na haitakusanywa na mtu anayekaa hoteli ya mjini.

Na minyororo? Njia hii iliwapitisha pia watu waliotekwa, kutoka kandokando ya Ziwa Tanganyika, Manyema na kwingineko, waliosukumwa kuelekea pwani hadi soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873, na kwa siri baada ya hapo. Wako wanaoona kwamba kuwapeleka watalii kufuata nyayo hizo ni kuuza machozi. Ningekuwa pamoja nao kama lingekuwa swali la kuigiza, kumvisha mtu mnyororo wa plastiki apigwe picha. Jambo hilo lisifanywe kamwe. Lakini kinachoficha utumwa zaidi ni ule utalii wa kumalizia kila kitu kwenye nyumba ya Livingstone. Pale mgeni anakutana na mpinga utumwa mmoja, anaguswa, anaondoka ametulia. Kwenye kituo cha njia anakutana na swali ambalo halimtulizi: kijiji hiki kilikula na nani, kilimpa nani maji, mpagazi wa ujira alitembea hatua ngapi kutoka kwa mtu aliyefungwa shingo, na walitazamana vipi? Nchi ambayo wazee wa wengi wetu walikuwa upande huu na upande ule wa mnyororo inahitaji swali hilo lisimame mahali pake.

Pingamizi la muda nitalijibu kwa ufupi. Ni kweli msafiri wa leo hana siku 134. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ilimaliza enzi ya misafara kwa miaka michache, na kila kituo ambacho treni haikukihitaji kikasahaulika. Sasa inajengwa reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, nayo itapita kwa kasi zaidi. Siombi mtu atembee kwa miguu. Barabara ya lami kutoka Manyoni kupitia Itigi, Chaya na Nyahua imefupisha ile nchi ya kiu hadi saa chache, na kutoka mjini hadi Kigwa si safari ya kubebea mikoba. Kinachohitajika ni mpangilio. Waongozaji wa wageni waliosomeshwa kuhusu Kwihara wasomeshwe kuhusu Kigwa, Rubuga na Tura, na kazi hiyo wapewe vijana wa kata hizo wenyewe. Shule za huko zipewe vinasa sauti na muda wa kukaa na wazee. Kibao kimoja, kwa Kiswahili na Kinyamwezi, kisimame kando ya barabara na kusema kilichotokea hapa miaka ya 1860 na kwa sababu gani, na kimtaje Mnywa Sele kwa jina lake, mtemi aliyeondolewa kwa kudai ushuru. Wakala anayewaandalia Watanzania wikiendi ya Tabora, embe zake na boma lake na shule aliyosoma Nyerere, aongeze nusu siku mwanzoni, kabla ya mji, isiwe mwishoni kama kiraka cha ratiba.

Kwani utaratibu una kazi yake. Mgeni aliyekwisha kula karamu ya mjini atakwenda Kigwa kama anayetembelea shamba. Aliyetoka mashariki, akashuka garini na macho yaliyojaa kilomita za pori, akanunua bakuli la matobolwa kwa mama aliyeyaanika mwenyewe na kumuuliza yanavyotengenezwa, akaonyeshwa upande ambao njia ya miguu ilikuwa ikiingilia na upande ilikotokea, huyo ataingia Tabora jioni akiwa bado anatafuna. Ajipanguse vumbi hapo hapo Kigwa kama walivyofanya wa zamani kambini, abadili shati akitaka. Vumbi lenyewe atakuwa ameshaliona.